Komisioneri amepunguza bei ya tani: kamiyo mbili zitaishi namna gani?

"Miye ni mama wa Kampemba, hapa Lubumbashi, Kongo. Miaka kumi niliuza unga soko ya Kenya, ile ya hapa mjini, kisha kwa feza ya likelemba (mchango wa zamu) na deni la benki nikanunua kamiyo mbili (malori) zilizotumika. Zinabeba katodi, yale mabamba ya shaba, kutoka Kolwezi mpaka Ndola, Zambia, tani 30 kila moja. Mwanzo komisioneri, mtu wa katikati anayenitafutia mizigo, alinilipa dola 70 kwa tani. Sasa ni 55, na ananiambia kama sitaki, kuna wengine hamsini wanangoja kwenye parkingi. Safari ilikuwa siku 8, sasa ni siku 14 juu ya foleni ya mpakani Kasumbalesa, na kila siku ya ziada natuma dola 15 za chakula na ulinzi. Mafuta, peyaji (ushuru wa barabara) na karatasi za mpaka vinakula dola 1,000 kwa safari, kwa hiyo nabaki na 650. Mishahara, bima, parkingi na deni ni 1,200 kwa mwezi kwa kila kamiyo. Mwisho wa mwezi sioni kitu mkononi. Mtoto wangu anasema ninunue ya tatu, wingi utafidia bei. Kaka yangu anasema niuze zote nirudie unga. Nikubali kila mzigo? Na huyu komisioneri ananiibia?"

Mama, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Komisioneri ana sehemu yake, na inawezekana ni kubwa kuliko kazi anayofanya. Lakini hata ungempata malaika wa kukutafutia mizigo, bado angekuletea bei ya chini kuliko ile ya zamani. Bei haitengenezwi na yeye. Inatengenezwa pale wingi wa kamiyo unapokutana na wingi wa mzigo, na siku hizi kamiyo zimezidi.

Kumbuka kilichotokea kwa kobalti, yale madini mengine ya Kolwezi. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, kwanza kwa miezi minne, kisha ikaongeza mitatu. Kuanzia tarehe 16 Oktoba mwaka huohuo ikafungua, lakini kwa kipimo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hichohicho kwa 2027. Hiyo haifiki nusu ya kile nchi ilichotoa mwaka 2024. Na kobalti haisafiri ikiwa safi. Inatoka Kolwezi ikiwa unga wenye maji kwenye mifuko mikubwa, na kobalti yenyewe haizidi theluthi ya uzito ule. Kwa hiyo kila tani moja ya kobalti iliyobaki ghalani iliacha tani tatu au zaidi bila kamiyo ya kuzibeba, au tuseme iliacha kamiyo bila tani hizo za kubeba. Zile kamiyo hazikuyeyuka. Zilihamia kwenye katodi, zikapanga foleni mbele yako na nyuma yako.

Jambo la pili linahusu wageni. Kamiyo ya Dar es Salaam au ya Durban haiji huku kwetu Katanga tupu. Inapanda na salfa, mashine au bidhaa za dukani, na mwenye mzigo huo amekwisha kulipa njia ya kupanda. Ikishashusha, inachotaka ni kurudi nyumbani na kitu chochote kitakacholipa mafuta. Ni sawa na manseba, yule wa pikipiki ya abiria, anayerudi kwake Ruashi jioni: atakubeba kwa nusu bei, kwa kuwa njia ile angeipita hata bila wewe. Wewe unashindana naye kwa bei ileile, lakini kwako safari ya Ndola ndiyo kazi yenyewe, na kurudi unarudi tupu. Hapo ndipo udhaifu wako ulipo, na hapo ndipo tutakapotafuta dawa.

Kwanza tufanye hesabu yako upya, maana 650 unayoiona si 650.

Hukuandika matairi. Kamiyo yako ya ekseli sita ina matairi 22. Tuseme tairi moja ni dola 300 na linatembea kilomita 60,000 kabla ya kufa. Matairi yote ni dola 6,600, ukigawa kwa kilomita 60,000 unapata senti 11 kwa kila kilomita, upakie usipakie. Kolwezi mpaka Ndola kwenda na kurudi ni karibu kilomita 1,100. Kwa hiyo kila safari umekula dola 120 za mpira, ukiwa huoni, kwa sababu tairi halitumi fakitire (ankara). Ongeza 30 za oili na grisi. Matumizi ya kweli ni 1,150. Tia siku sita za ziada kwenye foleni, dola 15 kila siku, inakuwa 1,240.

Sasa usigawe kwa tani. Gawa kwa siku.

Zamani: 2,100 kutoa 1,150 ni 950. Kwa siku 8, kamiyo ilikuletea karibu dola 119 kila siku. Leo: 1,650 kutoa 1,240 ni 410. Kwa siku 14 ni dola 29. Na ile 1,200 yako ya kila mwezi inadai dola 40 kila siku, hata Jumapili. Bei imeshuka kwa asilimia 21 tu, lakini kinachobaki kwa siku kimeshuka kwa robo tatu. Ndiyo maana huoni kitu mkononi. Kila jua likizama, kila kamiyo imekuachia deni jipya la dola 11.

Subiri kidogo, kwa sababu kuna jambo hapa ambalo wenye kamiyo wengi hawaliangalii. Tuseme bei imeshuka hadi 55 lakini safari imebaki siku 8: ungepata dola 62 kwa siku. Tuseme bei imebaki 70 lakini safari imekuwa siku 14: ungepata 61. Unaona? Foleni imekula sawasawa na komisioneri. Wewe umemkasirikia mmoja tu. Bei ya tani huwezi kuipandisha peke yako, lakini siku kadhaa kati ya zile kumi na nne ziko ndani ya uwezo wako.

Chukua kaye, yaani daftari la shule, la kurasa mia tu linatosha. Kila safari andika: saa ya kufika kiwandani Kolwezi, saa ya kumaliza kupakia, siku ya kuingia foleni, siku ya kuvuka, siku ya kushusha, siku ya kurudi. Niliwahi kukaa na bwana mmoja wa Katuba aliyeandika hivyo miezi mitatu. Alikuwa na uhakika kwamba mpaka ndio unaomla. Tulipojumlisha, siku nne katika kila safari zilikuwa za kungoja kabla kamiyo haijaondoka Kolwezi, kwa sababu ilikuwa inatumwa kupakia kabla karatasi hazijakamilika. Hakuwa na haja ya kuvunja mpaka. Alianza tu kukataa kutuma kamiyo mpaka apewe picha ya karatasi zote kwenye simu. Kuhusu Mokambo na Sakania, vile vituo vingine vya mpaka, usidhani shofere anaweza kugeuza usukani tu akawahi: kituo cha kutokea kimeandikwa kwenye karatasi za mzigo. Lakini unapoitiwa mzigo, uliza unatokea wapi, na uliza wenye kamiyo waliopita wiki hiyo. Mzigo wa dola 50 unaovuka kwa siku mbili unakushinda ule wa 55 unaolala wiki nzima.

Nikubali kila mzigo, umeuliza. Unahitaji bei mbili kichwani. Ya kwanza ni ile inayolipa safari na kuacha chochote. Chini ya hapo hata usiwashe injini. Ya pili ni ile inayofikisha dola 40 kwa siku. Juu ya hapo ndipo unaishi. Mizigo yako ya leo iko katikati. Kamiyo iliyosimama inakupotezea 40 kila siku, inayotembea kwa 55 inakupotezea 11. Kwa hiyo leo, kama huna kingine, beba. Anayekwambia "paki kamiyo mpaka bei irudi" hajui kwamba benki haipaki. Ila huko katikati si mahali pa kuhamia. Ni pa kupita miezi miwili au mitatu huku unajenga kitu kingine.

Nalijua hili kwa mwili wangu. Mwishoni mwa 2008 shaba ilianguka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani hadi chini ya 3,000 ndani ya miezi michache, na tanuri nyingi za Katanga zikazimwa. Nilikuwa na kamiyo tatu. Nikabeba kila kitu kwa kila bei, nikijipa moyo kwamba magurudumu yanazunguka. Sikuweka hata dola moja ya matairi pembeni. Mwezi wa tano, kamiyo moja ilipasuka matairi mawili kabla ya kufika Likasi, na sikuwa na feza ya kununua hata moja. Shofere wangu alilala hapo usiku nne, akilinda rimoriki (tela) kwa tochi, mke wake akinipigia simu kila jioni. Niliuza rimoriki ile palepale kwa nusu ya thamani. Shaba ilipopanda tena, kamiyo zilikuwa zimekwisha. Kwa hiyo nakuomba, mama: hata katika mwezi mbaya, zile 120 za matairi ziweke mahali ambapo mkono wako haufiki kwa urahisi.

Kamiyo ya tatu, hapana. Namwelewa mtoto wako. Katika unga ukishusha faida kwa mfuko unauza mifuko mingi zaidi. Lakini hapa kila kamiyo inapoteza 11 kwa siku. Tatu zitapoteza 33, na ya tatu italetwa na deni jipya. Wingi unafidia bei pale tu ambapo kila kimoja kinaacha faida, hata ndogo.

Wala usijaribu kufidia kwa kuzidisha tani. Kwenye mizani ya Zambia kipimo ni tani 8 kwa ekseli ya mbele, 18 kwa mbili za pamoja na 24 kwa tatu za rimoriki. Jumla ni 50, na kamiyo yako ikiwa tupu haiko mbali na 19 au 20. Tani 30 zako ndio mwisho. Wahandisi wa barabara wana kanuni kwamba madhara ya ekseli hupanda kwa nguvu ya nne ya uzito: ukizidisha asilimia 20, umeiumiza lami mara mbili. Matairi na springi zako zinalipa sehemu yao kabla ya askari wa mizani hajakuona.

Sasa kaka yako na unga wake. Yeye ameona nusu ya jambo zuri. Usiuze kamiyo ili urudie unga. Ipe kamiyo unga. Nilisema udhaifu wako ni kurudi tupu. Lubumbashi inakula mahindi ya Zambia kwa sehemu kubwa, na wewe umeuza unga miaka kumi. Unajua nani ananunua kwa jumla, nani analipa, mfuko gani unakimbia na upi unalala. Komisioneri wa katodi hajui hayo, na yule mwenye kamiyo wa Dar hajui pia. Tuseme kwa kurudi unamlipisha mfanyabiashara mwenzako dola 400. Kamiyo iliyojaa inakunywa mafuta zaidi, kuna karatasi za duane (forodha), tuseme zinabaki 250, na safari imeongezeka siku tatu. Sasa ni 660 kwa siku 17, yaani karibu 39 kwa siku. Umeziba pengo lote la 11 isipokuwa dola moja, bila kugusa bei ya katodi. Anza kwa kubeba mzigo wa mwingine. Kuweka mtaji wako mwenyewe kwenye unga njiani ni hatari ya pili juu ya ya kwanza, na Zambia hufunga na kufungua uuzaji wa mahindi kulingana na mavuno. Mwaka 2024, mwaka wa ukame mkali, tuliona jinsi mambo yanavyoweza kugeuka. Na hakikisha rimoriki iliyobeba kemikali safari nyingine haipakii chakula.

Kamiyo ya pili ningeitoa mpakani kabisa, kwa majaribio ya miezi miwili. Kuna kazi za ndani kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi: saruji, chokaa, vifaa vya viwanda. Bei yake ukiitazama utaona kama matusi. Lakini safari inayolipa 620, ikala 470 pamoja na matairi, na kumalizika kwa siku tatu, inaacha 50 kwa siku. Hiyo inapita katodi yako ya leo. Tatizo lake ni malipo. Wengine wanalipa baada ya siku 60 au 90, na hapo hesabu nyingine inaanza.

Tuseme komisioneri anakwambia: dola 55 mkononi ukishusha, au 62 baada ya miezi mitatu. Wengi wanarukia 62. Kama feza ya safari ni yako, sawa, fikiria. Kama unaikopa kwa banki lambere, yaani mkopeshaji wa mtaani, kwa asilimia 10 ya mwezi, zile 1,240 zinazaa riba ya 372. Katika 1,860 unabaki na 248. Ukichukua 55 mkononi unabaki na 410. Bei ya chini imeshinda bei ya juu. Angalia pia sarafu. Ukilipwa dola huku matumizi mengi ni faranga, unaguswa na kubadilishwa kwa feza. Mwaka 2025 dola iliwahi kushuka kutoka juu ya faranga 2,800 hadi chini ya 2,500 kwa muda mfupi, na aliyekuwa ameahidi shofere mshahara wa faranga aliona tofauti siku ya kulipa.

Kitu kimoja cha kudai, hata kama bei ya tani haisogei: malipo ya kungoja. Mwombe komisioneri aandike kwamba baada ya siku fulani za bure, tuseme tatu kiwandani na nne mpakani, kila siku inalipwa kiasi fulani. Atakataa mara ya kwanza. Usiseme "niongezee bei". Mwonyeshe kaye yako, mistari ya tarehe, na useme "siku hizi si zangu". Anaweza kukubali dola 25 kwa siku wakati hawezi kuongeza dola 2 kwa tani, kwa sababu ya kwanza anaweza kuidai kwa mwenye mzigo.

Kuhusu sheria, nchi yetu iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na OHADA ina sheria yake ya mikataba ya kubeba mizigo kwa barabara. Mkataba unahesabika mkishapatana, hata kwa mdomo, lakini mdomo hauna sahihi. Hakikisha kila safari ina hati yake ya mzigo, ile mashofere wanaita letre de vuatire, yenye bei, uzito na tarehe. Na shika hili: madai yanayotokana na usafirishaji yanakufa baada ya mwaka mmoja tangu mzigo kufikishwa, isipokuwa kama kulikuwa na udanganyifu, hapo ni miaka mitatu. Nimeona akina mama wanangoja kwa heshima, "atalipa tu, tunafahamiana," mpaka mwezi wa kumi na tatu. Sheria hiyohiyo inampa mbebaji haki ya kuzuia mzigo mpaka alipwe, lakini wewe usizuie katodi za mgodi bila wakili pembeni. Unaweza kuamka asubuhi unaitwa mwizi.

Kuna sheria nyingine, namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017, inayotaka kazi ndogo za kampuni kubwa zipewe kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Wengine watakwambia kwamba kwa sheria hiyo unaweza kwenda mgodini kesho ukapata kontra (mkataba) bila komisioneri. Si kesho. Mgodi utauliza kampuni iliyosajiliwa, namba ya kodi, bima, idadi ya kamiyo, na uwezo wa kungoja malipo. Kamiyo mbili hazitoshi. Wenye kamiyo sita au saba wenye vitabu safi, wakiungana, wanaweza kusikilizwa. Ni kazi ya mwaka mzima na inavunjika haraka pale mmoja anapokula feza ya matairi ya wote, kwa hiyo chagua watu ambao ungewaamini na zamu ya kwanza ya likelemba.

Usiweke mipango yako juu ya bei kurudi 70. Kipimo cha kobalti kipo mpaka 2027, na reli ya Lobito, ile ya Angola, iliyo mikononi mwa wenye kandarasi ya miaka 30, inataka kuchukua sehemu ya shaba kuelekea Atlantiki. Hiyo haitaua kamiyo, maana katodi haziruki zenyewe kutoka kiwandani hadi kituo cha treni. Lakini safari zitakuwa fupi zaidi, na mwenye kuhesabu siku atazipenda.

Je, uuze moja? Ukijaribu miezi mitatu, na moja bado iko chini ya 40 kwa siku, uza ile yenye injini mbovu zaidi, wakati bado inatembea, na feza yote iende benki kupunguza deni. Kamiyo inayofika kwa mnunuzi kwa magurudumu yake ina bei tofauti kabisa na ile inayovutwa.

Usingoje miezi mitatu kama kamiyo zote mbili, au nyumba, zimewekwa rehani kwa deni moja na umeshindwa kulipa hata mwezi mmoja. Nenda benki wewe mwenyewe kabla hawajakuita, uombe kupangiwa upya muda wa kulipa. Nenda na mtu wa hesabu, si na mimi kwa maandishi. Kama kuna fakitire ya zaidi ya miezi sita haijalipwa, mwone wakili wa Lubumbashi anayefanya kazi mbele ya mahakama ya biashara, wiki hii, ukiwa na hati za mzigo zenye muhuri wa mpokeaji, ujumbe wote wa simu uliochapishwa, na ile kaye.